Selimundu, Malaria na Vipande Vifupi vya RNA

Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi, pwani ya Kenya, walitoa hesabu ya watoto wa vijijini waliokuwa wakiwafuatilia kwa miaka. Watoto hao waligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wenye himoglobini ya kawaida. La pili ni wabebaji wa selimundu, yaani waliorithi kinasaba kimoja cha selimundu kwa baba au kwa mama, na kimoja cha kawaida kwa mzazi wa pili. Kila mtoto alipougua iliandikwa, na alipolazwa iliandikwa. Hesabu ilipofungwa, wabebaji walionekana kuwa na kinga ya asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, ile ambayo mtoto hupewa dawa zahanati akarudi nyumbani. Dhidi ya malaria ya kulazwa hospitali, kinga ilikuwa asilimia 75. Dhidi ya malaria kali, ile ya degedege, ya kupoteza fahamu au ya damu kupungua mno mwilini, ilikaribia asilimia 90.

Namba hizi zina umbo. Kinga inapanda kadiri ugonjwa unavyozidi ukali. Na chini kabisa ya ngazi, kwa watoto wenye vimelea katika damu ambao hawaumwi, kinga haipo: wabebaji walikutwa na vimelea sawasawa na wenzao. Kwa hiyo selimundu haimzuii mbu kuuma, wala haikizuii kimelea kuingia mwilini. Lakini mbebaji anapougua, vimelea katika tone la damu yake huwa vichache kuliko vya mwenzake. Kuna kitu kinachokizuia kimelea kisijae.

Kitu gani? Maelezo yametolewa kwa zaidi ya nusu karne, na ni mengi kupita kiasi, jambo ambalo katika sayansi huwa dalili kwamba hakuna lililoshinda. Mwaka 2012 likaongezwa moja jipya kutoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani: kwamba seli nyekundu za damu zenye selimundu zimejaa aina fulani za vipande vifupi mno vya RNA, viitwavyo maikro-RNA, na kwamba vipande hivyo huingia ndani ya kimelea chenyewe na kukivurugia kazi. Dai hilo ndilo tutakalolifuata hapa hatua kwa hatua. Hatutalihukumu mpaka tujue kila neno lililomo lina maana gani.

Tuanze na selimundu yenyewe. Seli nyekundu ya damu ni mfuko laini uliojaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Katika himoglobini ya selimundu, kiungo kimoja tu cha mnyororo uitwao beta, cha sita kutoka mwanzo, kimebadilishwa. Badiliko hilo dogo linatosha kuifanya himoglobini, inapopoteza oksijeni, ishikamane na kujipanga kama fito. Fito hizo huipinda seli mpaka ikafanana na mundu wa kukatia nyasi, na ndipo jina lilipotoka. Mtoto mwenye nakala mbili za kinasaba hicho ni mgonjwa. Seli zake hupinda mara kwa mara, huziba mishipa na kufa mapema. Mbebaji ana nakala moja. Chini ya nusu ya himoglobini yake ni ya selimundu, na kwa kawaida seli zake hazipindi. Wengi huishi na kuzeeka bila kujua. Katika Kilifi ya leo, mtoto mmoja hivi kati ya saba ni mbebaji.

Pwani imo katika kisa hiki tangu mwanzo. Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alizunguka nchi mwaka 1949 akichukua sampuli za damu. Akaona kwamba selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni chache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha jaribio la wanaume 30 waliokubali kuambukizwa: kati ya wabebaji 15, vimelea vilishika kwa wawili, kati ya wasio wabebaji 15, vilishika kwa 14. Jaribio la namna hiyo lingepata tabu kupita mbele ya kamati ya maadili ya leo, lakini ndilo lililofungua mlango.

Sasa tukifuate kimelea. Mbu wa anofelesi anapouma, huacha ngozini vimelea vichache vyembamba viitwavyo sporozoiti. Hivi huteleza mpaka kwenye mshipa wa damu, hufika katika ini, hupenya seli moja baada ya nyingine, kisha hutulia ndani ya seli moja ya ini. Humo, kwa muda wa wiki moja hivi, sporozoiti moja huzaa maelfu kwa maelfu ya vimelea vya hatua ya pili. Seli ya ini hupasuka, na vimelea hivyo vipya huingia damuni kutafuta seli nyekundu. Chanjo za RTS,S na R21, ambazo zote mbili zilijaribiwa Kilifi pamoja na kwingineko Afrika, zinalenga kukikamata kimelea katika safari hii ya kwanza. Selimundu haina la kufanya hapa, kwa sababu iliyo wazi: seli ya ini haijai himoglobini. Na hili linakubaliana na hesabu ya 2005, kwamba mbebaji huambukizwa kama mtu mwingine.

Wiki hiyo ya ini mtoto haisikii. Seli zinazopasuka ni chache, na ini ni mahiri wa kujikarabati kuliko kiungo kingine chochote cha ndani. Panya aliyekatwa theluthi mbili za ini lake hulirudisha kwa ukubwa wake katika siku saba hadi kumi. Ukarabati wa namna hiyo unahitaji maagizo mengi yafunguliwe kwa wakati wake na kufungwa kwa wakati wake, na baadhi ya wafungaji wa maagizo hayo ni hizi maikro-RNA. Kwa hiyo ini litufae kama ubao wa kuchorea.

Kila seli ina daftari kuu la vinasaba, lililofungiwa katika kiini. Daftari halitoki. Seli inapohitaji protini fulani, hunakili ukurasa unaohusika. Nakala hiyo ndiyo RNA mjumbe. Mjumbe hutoka katika kiini na kufika kwenye ribosomu, yaani karakana inayosoma nakala herufi tatu tatu na kuunganisha protini. Mjumbe akisomwa mara nyingi, protini itakuwa nyingi. Asiposomwa, protini haipo, hata kama daftari ni zima.

Maikro-RNA ni kipande cha RNA chenye herufi 22 hivi. Haina agizo la kutengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kumtafuta mjumbe mwenye herufi zinazooana na zake, na hazihitajiki nyingi. Saba hivi za karibu na mwanzo wake zinatosha. Ikimpata humshikilia, ikisaidiwa na protini iitwayo Agonoti, naye asisomwe vizuri au avunjwe mapema. Maikro-RNA moja inaweza kuwashikilia wajumbe wa aina nyingi. Lakini kwa kawaida haimnyamazishi mjumbe kabisa, humpunguza sauti. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji.

Jambo lenyewe lilivumbuliwa mahali ambapo hakuna aliyetarajia, katika mnyoo wa milimita moja anayeishi udongoni. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, kila mmoja na kundi lake, walionyesha kwamba kinasaba kimoja cha mnyoo huyo hakitoi protini, kinatoa kipande kifupi cha RNA kinachomkandamiza mjumbe wa kinasaba kingine. Kwa miaka saba ilichukuliwa kuwa ni kituko cha mnyoo. Mwaka 2000 kikapatikana kipande kingine, let-7, na safari hii kilikutwa kwa wanyama wengi, binadamu akiwemo. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2024.

Katika ini, maikro-RNA moja iitwayo miR-122 inakaribia asilimia 70 ya maikro-RNA zote. (Namba zilizo katika majina haya ni za kusajili tu, hazina maana nyingine.) Tungetarajia kila inapomshika mjumbe imkandamize. Lakini mwaka 2005 ilidhihirika kwamba virusi vya homa ya ini aina ya C huitumia miR-122 kama mwavuli: inaposhika mwanzo wa RNA ya virusi, inavilinda. Kushika ni kushika. Matokeo yanategemea imeshika nini, na wapi.

Mfano wa pili unatupeleka kwenye seli shina. Seli shina ni seli ambayo haijachagua kazi. Inaweza kujigawa ikabaki ilivyo, au ikazaa seli zenye kazi maalumu. Nyingi zimo katika uboho wa mifupa. Kiungo kinapojeruhiwa, ini likiwamo, hutoa kemikali iitwayo SDF-1, ambayo ni kama wito. Seli shina zina kipokezi cha wito huo, kiitwacho CXCR4, nazo huelekea pale wito unapozidi. Sasa, protini zote mbili, ya wito na ya kipokezi, hutengenezwa kwa kusomwa wajumbe, na wajumbe hushikwa na maikro-RNA. Katika panya waliounguzwa ngozi, miR-27b ilionekana kukandamiza SDF-1. Ilipokuwa nyingi, seli shina chache zilifika kwenye kidonda. Basi mtu anaweza kufikiri: ondoa breki, seli shina zitalifikia ini bovu, nalo litapona.

Mambo hayaendi mteremko hivyo. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio la Uingereza lililowahusu wagonjwa 81 wenye ini lililokakamaa kwa makovu. Halikuwa jaribio la maikro-RNA, lakini liliuliza swali la msingi: tukizisukuma seli shina zitoke katika uboho kwa dawa, na wengine tukawarudishia damuni seli zao wenyewe zilizochaguliwa, ini litafanya kazi vizuri zaidi? Halikufanya. Seli zilihama, ini likabaki lilivyo. Tafiti za kufuatilia seli ndani ya panya nazo zimeonyesha kwamba mara nyingi ini hukarabatiwa na seli zake za kawaida zinazojigawa, wala si na wageni kutoka uboho. Hatua moja ya mnyororo inaweza kuwa ya kweli kabisa katika bakuli la maabara, na bado isiwe ndiyo inayoamua mambo ndani ya mtu. Kwa kipimo hicho hicho tutalipima dai la malaria.

Seli nyekundu ya damu nayo huzaliwa na seli shina ya uboho. Inapokomaa hufanya jambo la ajabu: hukitema kiini chake. Daftari kuu linatupwa, na seli inaingia kazini bila uwezo wa kunakili ukurasa mpya. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba RNA nayo huisha kabisa. Si kweli. Vipande vifupi hubaki, na mojawapo ya vile vinavyobaki kwa wingi ni miR-451. Kazi yake ya asili ni kusaidia seli shina kuwa seli nyekundu. Mwaka 2010 ilionekana kwamba panya wasiokuwa nayo hupungukiwa damu, hasa mwili unapolazimishwa kutengeneza seli nyekundu kwa haraka. Kazi ikiisha, miR-451 haitolewi. Hubaki ndani ya seli kama vyombo vya fundi aliyemaliza nyumba akaondoka.

Ndani ya nyumba hiyo ndimo kimelea huingia. Nacho, Plasmodium falciparum, hakina vyombo vya kutengeneza maikro-RNA, wala hakina Agonoti ya kuzitumia. Kama kuna maikro-RNA ndani yake, haikuzaliwa humo. Imetoka kwa mwenyeji.

Kundi la Jen-Tsan Chi kule Duke lilipanga hoja yake hivi. Kwanza, walilinganisha seli nyekundu za kawaida na zile zenye selimundu, za wabebaji na za wagonjwa, wakakuta miR-451 na let-7i zimezidi sana katika hizi za pili. Pili, walikitoa kimelea ndani ya seli wakakuta baadhi ya maikro-RNA za binadamu zimo ndani yake. Tatu, walibadili kiasi cha maikro-RNA hizo: zikizidishwa, ukuaji wa kimelea unapungua, zikizuiwa, kimelea kinapata nafuu. Nne, walitafuta namna. Kwa kuwa kimelea hakina Agonoti, njia ya kawaida haiwezekani, na waliyoikuta si ya kawaida: kipande cha binadamu kilikuwa kimeunganishwa na mwanzo wa RNA mjumbe ya kimelea, uzi mmoja, kana kwamba mtu amebandika karatasi ngeni kwenye kichwa cha barua. Ribosomu za kimelea zilishindwa kuanza kusoma vizuri. Mjumbe mmoja waliyemtazama kwa karibu ni wa sehemu ya protini inayodhibiti ishara ndani ya kimelea, iitwayo PKA-R.

Ni hoja nzuri. Hatua ya tatu hasa ina uzito, kwa sababu haikuishia kusema kwamba mambo mawili huonekana pamoja. Iligusa moja na kuona la pili likibadilika. Lakini yote haya yalifanyika katika seli zilizofugwa maabara. Ili kujua yanaeleza kiasi gani cha kinachotokea kwa mtoto wa Ganze au Ngerenya huko Kilifi, tunazo hesabu za hapa pwani, na hesabu hizo zina mambo ambayo maelezo yoyote lazima yayakabili.

La kwanza ni lile umbo la 50, 75 na 90. Hapa maelezo ya maikro-RNA yanapita bila shida. Kitu kinachopunguza kasi ya kimelea bila kukiua kitaacha maambukizi yawepo, kitapunguza wingi wa vimelea, na kitazuia zaidi ule ugonjwa unaohitaji vimelea vingi ili utokee. Tatizo ni kwamba kila maelezo ya kupunguza kasi yanapita mtihani huu. Haubagui.

La pili ni umri. Katika chapisho jingine la mwaka huo huo wa 2005, watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba kinga ya mbebaji dhidi ya malaria ya kawaida huanza kama asilimia 20 katika miaka miwili ya kwanza ya maisha na kupanda hadi 56 mtoto anapofika miaka 10. Kama kinga yote ingekuwa ndani ya seli nyekundu, ingekuwaje ipande? Seli ya mtoto wa miaka mitatu na ya miaka tisa zina himoglobini ile ile. Maelezo ya karibu ni kwamba selimundu inakisaidia kikosi cha ulinzi wa mwili kukizoea kimelea mapema. Maikro-RNA hazina jibu hapa, ingawa kwa haki tuseme kwamba maelezo mengine ya ndani ya seli nayo hayana.

La tatu ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Watoto wengi wa Kilifi, zaidi ya nusu, wamerithi pia hali nyingine ya damu iitwayo thalasemia ya alfa. Katika hali hii mnyororo wa pili wa himoglobini, ule wa alfa, hutengenezwa kwa upungufu. Thalasemia hiyo peke yake nayo humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Mtu angedhani kwamba mwenye zote mbili, selimundu na thalasemia, angekuwa na ngao mbili. Mwaka huo huo wa 2005 hesabu za Kilifi zilionyesha kinyume: zikikutana kwa mtoto mmoja, kinga hutoweka, hasa kwa aliyerithi thalasemia kwa wazazi wote wawili.

Kwa nini? Minyororo ya alfa ikiwa michache, minyororo ya beta hushindana kuipata, na beta ya selimundu ni mshindani dhaifu. Kwa hiyo himoglobini ya selimundu hupungua ndani ya seli. Ikipungua, fito hazijipangi kwa urahisi. Kinga imeondoka pamoja na fito. Mwenye kutetea maikro-RNA atalazimika kuonyesha kwamba thalasemia hupunguza pia miR-451 na let-7i. Haiwezekani kusema ni muhali. Lakini maelezo ya fito hayahitaji nyongeza hiyo. Yanatabiri matokeo yenyewe.

La nne linatoka kwa kimelea. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 ulitazama vinasaba vya vimelea vilivyochukuliwa kwa watoto wenye malaria kali nchini Gambia na hapa Kilifi. Swali lilikuwa: wabebaji wachache wanaougua sana, wanaumwa na vimelea vya namna gani? Ilionekana kwamba karibu wote wana vimelea vyenye mabadiliko katika maeneo matatu ya vinasaba, na dhidi ya vimelea hivyo selimundu haina kinga ya maana. Kimelea kimejifunza njia ya kupita. Sasa, kama mlango uliokuwa umezibwa ungekuwa PKA-R, tungetarajia mabadiliko yawe hapo au karibu yake. Hayako hapo. Mawili yamo katika kromosomu ya 2 na moja katika ya 11. Kinasaba cha PKA-R kiko katika ya 12.

Jambo la mwisho halikutoka Kilifi, lakini linaingia katika hoja. Mwaka 2018 kundi jingine lilifuatilia kimelea saa kwa saa ndani ya seli za wabebaji. Palipokuwa na oksijeni ya kutosha, kilikua kama kawaida. Oksijeni iliposhuka hadi kiwango cha mishipa midogo iliyo ndani ya viungo, kilikwama katikati ya ukuaji. Kisha wakaongeza kaboni monoksidi, gesi inayoizuia himoglobini ya selimundu isijipange kama fito. Kimelea kikaendelea kukua. Tufikiri kidogo: gesi hiyo haikuondoa maikro-RNA yoyote. Zilikuwa mle mle, kwa wingi ule ule, na kimelea kikakua. Na mishipa midogo yenye oksijeni kidogo ndiko hasa kimelea cha falciparum hupenda kujificha, kikijishikiza kwenye kuta ili kisipelekwe kwenye wengu. Mafichoni pake pamekuwa mtego wake.

Baada ya hayo yote, hukumu yangu ni hii. Maikro-RNA za selimundu huingia ndani ya kimelea na hukidhoofisha. Sina sababu ya kulikataa jaribio la 2012, na waandishi wake wenyewe walisema ni sehemu tu ya kinga. Lakini ni sehemu ndogo. Kazi kubwa inafanywa na fito za himoglobini katika mishipa isiyo na oksijeni ya kutosha, na juu yake ulinzi wa mwili unaojifunza kadiri mtoto anavyokua. Thamani ya ugunduzi wa Duke iko mahali pengine: umeonyesha kwamba RNA ya binadamu inaweza kuvuka hadi ndani ya kimelea na kumziba mjumbe wake. Anayetafuta dawa mpya ana la kufikiria hapo, mradi akumbuke yaliyolipata lile jaribio la seli shina za ini.

Haya yasimfanye mzazi yeyote wa Malindi au Kaloleni kuiona selimundu kuwa chanjo ya kuzaliwa nayo. Mbebaji bado anabaki na nusu ya hatari ya malaria ya kawaida, na chandarua ni chake kama cha ndugu zake. Mtoto mwenye nakala mbili ndiye wa kuhofia zaidi. Malaria ikimkuta, damu ambayo tayari ni pungufu hushuka haraka. Na hesabu za Kilifi za mwaka 2009 zilionyesha kwamba uwezekano wa kupatwa na bakteria damuni kwa mtoto huyo ni mara 26 hivi ya watoto wengine. Mume na mke wakiwa wote wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto wa namna hiyo. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto wa kuumwa mifupa mara kwa mara, mwenye macho ya manjano au mikono na miguu iliyovimba angali mchanga, mpelekeni apimwe damu, na mkiwa huko pimweni na nyinyi.